Betri tano na bado gari haliwaki: kisa cha nganya ya volti 24 na muziki wa volti 12

Usuli

Gari lenyewe ni nganya, yaani matatu ya mapambo na muziki mkubwa: Isuzu NQR ya abiria 33, bodi ya kuundwa Nairobi, na kazi yake ni njia mojawapo ya mashariki mwa jiji. Jina lililochorwa ubavuni, chama chake na namba ya njia tumeviacha, kwa sababu watu wa njia hiyo wangelitambua mara moja.

Msomaji asiyepanda matatu za Nairobi anahitaji kujua jambo moja kabla hatujafika kwenye waya. Kwenye njia kama hiyo muziki ni sehemu ya biashara. Kijana wa chuo huacha magari mawili matatu yapite akiingojea nganya anayoipenda, na makanga wa gari bubu hushinda stejini akiita watu mpaka koo limkauke. Mwenye gari aliyetumia kwenye spika pesa nyingi kuliko za matairi alikuwa amepiga hesabu zake vizuri. Hesabu ambayo hakuna aliyeipiga ni ya umeme.

Mzigo ulikuwa huu: amplifaya (kikuza sauti) moja kubwa ya daraja D, muundo usiopoteza umeme mwingi, wati 3,000 halisi, inayosukuma sabufa (spika za besi) nne za inchi 15 nyuma ya kiti cha mwisho, amplifaya mbili za daraja AB, kila moja na njia nne za wati 100, kwa ajili ya spika za kati na twita, skrini tatu, mikisa ya DJ, na taa za rangi zinazozunguka dari lote. Vyote ni vya volti 12.

Gari lenyewe ni la volti 24. NQR, kama malori mengi ya ukubwa wake, hubeba betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa mfululizo, yaani chanya ya moja imeshikana na hasi ya nyingine, na alteneta yake, mashine inayozalisha umeme injini ikizunguka, huchaji zote mbili pamoja kwa volti 28 hivi. Za gari hili zilikuwa N70 mbili, takriban ampea-saa 70 kila moja (kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi), na alteneta ya ampea 60. Mpango huo unatosha kuwasha dizeli asubuhi, kuendesha taa na wipa, na kubakiza kidogo. Mengine yote yaliongezwa juu yake.

Mfuatano wa matukio

Fundi wa kwanza alifanya linalofanywa katika magari mengi ya aina hii. Alichukua volti 12 katikati, pale betri mbili zinapokutana. Betri ya chini, ile ambayo hasi yake imefungwa kwenye chesisi, ikawa ndiyo inayolisha muziki peke yake. Muziki ukapiga, mwenye gari akafurahi, makanga wakapiga video.

Baada ya miezi miwili hivi betri ya chini ikafa. Ikanunuliwa mpya moja, ile ya juu ikaachwa. Wiki chache baadaye besi ikaanza kukatika usiku, na kila ngoma ikilia taa za dari zinafifia. Ushauri aliopewa mwenye gari ni ule ambao mteja yeyote angeukubali kwa haraka: muziki unahitaji umeme zaidi, basi aongeze betri. Zikaongezwa tatu za ampea-saa 100, zote zikaungwa sambamba na ile ya chini (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), zikapangwa chini ya kiti cha nyuma ndani ya gari. Betri zikawa tano.

Hali ikazidi kuharibika. Sasa gari halikuwaka asubuhi, na mara mbili lilizima stejini likiwa limejaa, abiria wakashuka, likasukumwa. Kilichomfanya dereva akatae kulibeba tena ni moshi. Abiria wa kiti cha karibu na mlango wa nyuma alisikia harufu ya plastiki, akainua mguu, akaona sakafu inafuka. Dereva alizima, akakimbilia boneti, kisha akakumbuka kwamba betri ziko nyuma chini ya miguu ya watu. Moto ulizuiwa kwa kuukata waya kwa koleo.

Ndipo lilipofika kwenye karakana yetu, likivutwa na lori.

Tulichokikuta

Kabla ya kupima chochote, betri ya juu ilijieleza yenyewe. Mbavu zake zilikuwa zimefura, kifuniko kimelowa tindikali, tamino ya chanya imefunikwa na unga mweupe unaoelekea kijani, na kuna harufu ya mayai yaliyooza. Tulipofungua vizibo, sahani zilikuwa nje ya maji katika vyumba vitatu kati ya sita.

Tuliwasha gari kwa betri za kuazima, kisha tukarudisha betri zake zenyewe na kupima injini ikiwa inazunguka na muziki ukiwa wa wastani. Jumla ya betri za mfululizo ilikuwa volti 28.2, na hapo mtu mwenye haraka angesema alteneta ni nzima, afunge boneti. Tulipopima kila upande peke yake, wa juu ulikuwa na volti 15.8 na wa chini 12.4. Alteneta inaangalia jumla tu. Ikiona 28.2 inaridhika, wala haijui kwamba betri moja inachemshwa na nyingine inashindishwa njaa.

Upande wa waya, tulipima volti pale kwenye amplifaya kubwa besi ikiwa inapiga. Betri za chini zilionyesha 11.8, amplifaya ilikuwa inapata 10.1. Volti 1.7 zilikuwa zinapotea njiani. Waya wa chanya uliandikwa milimita 25 za mraba, urefu mita saba, lakini tulipoukwangua kwa kisu uwekundu ulikuwa ngozi tu. Ndani ni alumini. Waya wa namna hiyo hupitisha umeme kama theluthi mbili ya ule wa shaba tupu wenye unene uleule. Athi ya amplifaya, yaani upande wake wa hasi, ilikuwa skrubu moja iliyopigwa kwenye reli ya kiti, juu ya rangi.

Moshi nao ulikuwa na maelezo mepesi. Waya ulipitishwa kwenye tundu la sakafu lililotobolewa kwa drili na kuachwa na makali yake, bila raba. Miezi ya mtetemeko wa dizeli na matuta ya barabarani ilikata plastiki ya waya mpaka chuma chake kikagusa bati. Fyuzi ilikuwepo, ampea 300, imefungwa vizuri kabisa pembeni ya amplifaya. Betri ziko upande mmoja, fyuzi upande wa pili, na waya wote wa kati hauna ulinzi. Ulipogusa bati, hakuna kilichokata.

Hesabu ya umeme

Tulikaa na mwenye gari na karatasi, maana alishatumia pesa mara tatu na alikuwa na haki ya kuona kabla ya kutumia ya nne.

Amplifaya ya daraja D yenye wati 3,000 hula zaidi ya inachotoa. Ikifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 80, itavuta wati 3,750. Kwa volti 13.5 hiyo ni ampea 278. Zile mbili za daraja AB, ambazo hupoteza karibu nusu ya umeme kama joto, zikifunguliwa kabisa huvuta kama ampea 108 kwa pamoja. Muziki haupigi kileleni wakati wote, kwa hiyo wastani wa theluthi moja ni makisio ya haki kwa nyimbo za kawaida. Dansiholi na gengetone zilizobanwa sana zinaweza kupita hapo. Tukachukua ampea 93 kwa sabufa, 45 kwa spika nyingine kwa vile daraja AB hupoteza hata zaidi sauti ikiwa ya chini, na 15 kwa skrini na taa. Wastani wa ampea 150 za volti 12, yaani zaidi ya wati 2,000, saa baada ya saa, kuanzia alfajiri hadi usiku.

Alteneta ya gari, ikiwa baridi na injini inazunguka kwa kasi, hutoa ampea 60 kwa volti 28: wati 1,680. Ikipata moto inapungua. Gari likisimama stejini na injini inanguruma taratibu, inatoa chini ya nusu. Na kabla muziki haujapata chochote, taa kubwa na mashine za gari zimeshachukua fungu lao.

Lakini shida kubwa kuliko upungufu huo ni njia ya chaji. Betri zikiwa za mfululizo, umeme wa chaji hauna namna ya kufika ya chini bila kupitia ya juu. Betri ya chini ilikuwa inatoa ampea 150 na kurudishiwa 40 kwa bahati nzuri, na hizo 40 zilikuwa zinapita kwanza ndani ya betri ya juu ambayo imeshajaa. Iliyojaa ikilazimishwa kupokea, huchemka na kumaliza maji. Sasa fikiria fundi alipoongeza ampea-saa 300 upande wa chini: njaa ya upande ule iliongezeka, chaji ikawa ndefu zaidi, na betri ya juu ikapikwa zaidi. Betri tatu mpya ndizo zilizoimaliza ya juu.

Mwenye gari aliuliza mbona zilipoongezwa muziki ulipendeza kwa siku kadhaa. Tulimjibu kwa mambo ya mtaani kwake, ambako maji huja kwa mgao: mfereji ukiwa unatiririka kidogo, ukinunua mitungi mitatu iliyojaa utaoga vizuri mpaka iishe, halafu utabaki na mitungi mingi mitupu na mfereji uleule. Hapo alicheka na kusema, "Basi fundi, nipe mfereji."

Njia tulizozifikiria

Kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12 kilikuwa cha kwanza kuzungumzwa. Kinafaa kwa skrini na mikisa, na vya ampea 30 au 60 hupatikana bila shida. Kwa sabufa zinazovuta ampea 278 kwenye kilele, ungehitaji kadhaa kwa pamoja, na bado umeme wote ungetoka kwenye alteneta ileile isiyotosha. Kisawazishi cha betri, kile kinachohamisha chaji kutoka ya juu kwenda ya chini ili volti zilingane, kingetibu ule mkao wa 15.8 na 12.4, lakini nacho hakizalishi hata ampea moja. Alteneta kubwa zaidi ya volti 24 pamoja na visawazishi ingewezekana. Bei yake ilimtoa mwenye gari kwenye kiti.

Iliyochaguliwa ni kutenganisha kabisa: alteneta ya pili ya volti 12 kwenye injini ileile, na benki yake ya betri ambayo haihusiani na kuwasha gari. Kinachoshirikiwa ni chesisi peke yake, upande wa hasi. Sababu iliyomshawishi mwenye gari haikuwa sauti. Ni kwamba muziki ukimaliza betri zake zote usiku, gari litawaka asubuhi kama kawaida, kwa maana N70 mbili hazitaguswa tena na mtu yeyote isipokuwa selfu (mota ya kuwasha injini), taa na mashine za gari lenyewe.

Kazi yenyewe

Alteneta iliyopatikana ilikuwa ya ampea 220. Namba hiyo huandikwa kwa kasi kubwa na hali ya baridi, kwa hiyo tulihesabu 180. Palikuwa na nafasi ya kompresa ya kiyoyozi ambayo gari halikuwahi kufungiwa, na hapo ndipo breketi iliposhikwa.

Puli ndiyo iliyochukua muda wetu mwingi, na ndiyo sehemu ambayo maelezo ya magari madogo ya petroli hupotosha. Petroli huzunguka hadi mara 6,000 au 7,000 kwa dakika, hivyo alteneta hupewa uwiano wa mara mbili na nusu au tatu ili isipasuke. Dizeli hii hunguruma kwa mizunguko 650 na kileleni haipiti 3,000. Kwa uwiano wa petroli, alteneta stejini ingezunguka mara 1,750 tu na kutoa labda ampea 50. Tulichongesha puli ya krenki ya milimita 200 kwa puli ya alteneta ya milimita 50, uwiano wa nne kwa moja. Injini ikinguruma taratibu, alteneta inazunguka mara 2,600. Injini ikifika 3,000, alteneta iko 12,000, ambayo bado ni salama kwake. Kwa gari linaloshinda stejini muziki ukiita watu, uamuzi huo una uzito kuliko namba ya ampea iliyoandikwa kwenye boksi.

Kitu kingine kidogo kilichohitaji akili: alteneta ya volti 12 inahitaji ishara ya volti 12 kutoka kwenye swichi ya ufunguo ili iamke, na ufunguo wa gari hili unatoa 24. Ukiiunga moja kwa moja unaunguza kidhibiti cha volti siku hiyohiyo. Tuliweka rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) yenye koili ya volti 24 inayoamshwa na ufunguo, na miguu yake ya kazi ikapitisha volti 12 kutoka benki ya muziki. Waya wa kuhisi volti, ule mwembamba unaokiambia kidhibiti chaji ni kiasi gani, tuliupeleka mpaka kwenye betri badala ya kuufungia palepale nyuma ya alteneta, ili upotevu wa njiani ufidiwe.

Betri zilikuwa tatu za AGM, aina iliyofungwa isiyo na maji ya kumwagika, ampea-saa 100 kila moja, aina moja na toleo moja. Zile tatu za zamani zilikataliwa ingawa moja ilikuwa bado na uhai. Betri chovu ikiungwa sambamba na nzima huinyonya nzima hata gari likiwa limelala. Kila moja ilichajiwa peke yake, ikapumzishwa usiku, na tukaziunga baada ya kuona hazitofautiani hata sehemu ya kumi ya volti. Chanya kuu ilichukuliwa kwenye betri ya kwanza na hasi kuu kwenye ya mwisho, ili umeme upite njia ya urefu sawa kwa zote. Ukichukua zote mbili kwenye betri moja, hiyo ndiyo itakayofanya kazi ya wenzake na kufa mapema.

Zilitolewa ndani ya gari. Betri za maji zinapochajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka. AGM hutoa kidogo mno, lakini hatukuona sababu ya abiria kukalia betri za aina yoyote. Sanduku la chuma lenye matundu lilifungwa kwenye chesisi, upande wa pili wa betri za gari.

Waya ulikuwa shaba tupu: milimita 70 za mraba kwa sabufa, 35 kwa amplifaya ndogo na skrini, na kila njia ilipewa waya wake wa hasi unaorudi hadi kwenye betri. Hatukutegemea chesisi kubeba mzigo huo. Kila betri ilipewa fyuzi yake ya ampea 150, na nyaya kuu zikapewa fyuzi zao, 300 na 150, ndani ya sanduku lenyewe, chini ya nusu mita kutoka kwenye tamino. Waya unaotoka kwenye alteneta nao una fyuzi yake upande wa betri. Fyuzi ipo kulinda waya, na hatari ya waya inatoka upande wenye betri. Kila tundu la bati lilipata raba, na waya ukavalishwa bomba la plastiki lenye mikunjo hadi mwisho.

Mwisho wa yote tuliweka kikata-umeme kinachozima amplifaya benki ikishuka hadi volti 11.8, chenye subira ya nusu dakika ili ngoma moja nzito isikidanganye.

Matokeo

Barabarani, muziki ukiwa wazi, betri za muziki zilikaa volti 14.0 na amplifaya kubwa ilipata 13.4 hata besi ikipiga. N70 mbili mpya za gari zilionyesha 14.1 kila moja. Taa za dari ziliacha kufifia.

Stejini hali ilikuwa tofauti kidogo. Injini ikinguruma kwa 650 na muziki ukiwa wazi kabisa, alteneta ilitoa kama ampea 105 na mzigo ulitaka 150, kwa hiyo benki ilikuwa inashuka polepole. Gari lina kitasa cha kupandisha mzunguko wa injini kwenye dashibodi. Kikifikishwa 1,000 volti zilitulia 13.6. Dereva alielekezwa hivyo. Injini ikizimwa, muziki wa nguvu unadumu dakika 40 hivi kabla ya kikata-umeme kuingilia, na gari linawaka mara moja kila tulipojaribu baada ya hapo.

Gari limekaa kazini msimu mzima wa mvua na hakuna betri iliyobadilishwa.

Uchambuzi

Lililofanya kazi hasa ni kupima kila betri peke yake, tena mzigo ukiwa juu yake. Mafundi wawili walioliona gari hili kabla walipima jumla ya volti 28 na kuishia hapo. Ukikuta gari la volti 24 lenye muziki wa volti 12, weka mita kwenye kila nusu. Tofauti ikizidi nusu volti wakati wa chaji, usiuze betri kwanza.

La pili ni kutoruhusu muziki na selfu kugawana betri. Hata kama alteneta ya pili ingekuwa ndogo kuliko tuliyoipata, mgawanyo huo ungelitoa gari kwenye aibu ya kusukumwa.

Yaliyofeli yalikuwa matatu.

Mkanda wa kwanza ulikuwa wa V, mmoja, kwa sababu ndio uliopatikana Grogan, soko la vipuri la Nairobi, siku hiyo na mwenye gari alitaka gari lirudi njiani. Alteneta ikitoa ampea 200 kwa volti 14 ni wati 2,800, na kwa kuwa nayo hupoteza karibu nusu, injini inalazimika kuisukuma kwa kilowati tano. Puli ya milimita 50 inashikwa na mkanda kwenye kipande kifupi tu. Ulianza kupiga kelele siku ya kwanza ya mvua, na ndani ya wiki ukawa unang'aa kama kioo upande wa ndani. Ulibadilishwa kwa mkanda mpana wenye mifereji minane pamoja na kikaza kinachouzungusha zaidi kwenye puli ndogo. Uwiano mkubwa wa puli na mkanda mwembamba haviendi pamoja, na gharama ya kuchonga puli mara ya pili ilizidi kile kilichookolewa.

Breketi nayo ilipata ufa kwenye weldi. Alteneta ya ukubwa huu ni nzito na dizeli hutikisa. Bamba la milimita 10 lenye mguu wa pili unaoshika upande wa nyuma wa alteneta ndilo lililodumu.

La tatu lilimuuma mwenye gari zaidi: sabufa mbili ziliungua koili siku chache baada ya gari kurudi njiani. Wakati amplifaya ilikuwa ikipata volti 10.1, DJ alikuwa amezoea geini (kiwango cha kukuza sauti kwenye amplifaya) ikiwa mwisho kabisa, kwa sababu bila hivyo besi haisikiki. Amplifaya ya aina ile haidhibiti volti zake za ndani, na nguvu yake hupanda kwa kipeo cha pili cha volti, kutoka 10.1 hadi 13.4 ni karibu mara 1.75. Geini ilishushwa karakanani, lakini kijana aliporudi kazini aliipandisha mpaka pale mkono wake ulipozoea, na spika zikapokea nguvu ambayo hazijawahi kuipata tangu zinunuliwe, tena ikiwa imekatika vichwa, yaani mawimbi ya sauti yamebapa kileleni. Sasa geini imefunikwa kwa kibati chenye skrubu na DJ ameachiwa kitasa cha sauti tu. Yeyote anayetengeneza umeme wa muziki uliokuwa na njaa azungumze na anayeupiga kabla hajaachia gari, maana masikio yake yameshazoea kitu kingine.

Kuna gharama ambayo haikuonekana kwenye ankara. Kilowati tano za kusukuma alteneta ikiwa kwenye nguvu zote ni kama lita moja na nusu ya dizeli kwa saa. Kwa wastani wa siku ni chini ya hapo, lakini ipo, na dereva anayekabidhi hesabu jioni aliiona kabla ya mwenye gari. Kitasa cha mzunguko 1,000 hakijamfurahisha hata kidogo. Siku nyingine anakiacha chini stejini ili aokoe mafuta, kikata-umeme kinazima muziki katikati ya wimbo, na makanga wanampigia kelele.

Suala la kelele yenyewe halikuwa kazi yetu, ingawa sheria ipo: kanuni za udhibiti wa kelele na mtetemo za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira ya Kenya. Mwenye gari anazijua na dereva anazijua. Tulichoweza kufanya upande wetu ni swichi ndogo karibu na usukani inayozima sabufa pekee na kuacha spika za mbele zikiimba, na dereva anasema anaibonyeza kila akikaribia hospitali iliyoko njiani kwake.